Muulize Fundi Sauti: Mziki wa Chini ya Tangazo la Tivii

Haya wasomaji, ukurasa wetu wa maswali umerudi. Toleo lililopita niligusia kidogo tu sauti kwenye matangazo ya tivii nikadhani nimemaliza, kumbe ndo nimewachokoza, maana yaliyoingia baada ya hapo karibu yote ni mziki, mziki, mziki. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Majina ni mliyojipa wenyewe, msije mkanilaumu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Naediti tangazo la sekunde 30, mteja kaleta wimbo anaoupenda sana, una maneno mwanzo mwisho, na juu yake kuna mtu anasoma maelezo ya bidhaa. Nimeshusha wimbo, nimepandisha msomaji, nimeshusha tena, bado vinagongana. Nifanyeje? – *Mhariri Mchovu*

JIBU: Marahaba. Ushashusha mara mbili na bado, kwa hiyo acha kushusha. Kinachogombana hapo ni maneno kwa maneno. Mtu hawezi kufuata sentensi mbili kwa wakati mmoja, sikio litachagua moja, na mara nyingi litachagua ile inayoimbwa kwa sababu ina melodi na huenda tayari anaijua. Hata ukiiweka chini kabisa bado itamvuta, hasa kama ni lugha anayoielewa.

Cha kwanza, muulize mwenye wimbo kama ana toleo la ala tupu, yaani lisilo na sauti ya mwimbaji. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa kistudio siku hizi huwa nalo. Ukipata trak zilizotenganishwa, ngoma peke yake, besi peke yake, kibodi peke yake, hapo umeula, maana unaweza kuacha ngoma na besi zitembee chini ya msomaji alafu akinyamaza unairudisha sauti ya mwimbaji kwa sekunde 3 au 4, na mteja anausikia wimbo wake anafurahi.

Cha pili ni kitu ambacho wengi hawakijui. Konsonanti za mtu anayeongea, zile s, t, k, f zinazofanya neno lieleweke, zinakaa zaidi kwenye hetzi (mitetemo kwa sekunde) 1000 hadi 4000 na kuendelea. Sasa humo humo ndo gitaa la solo linapopiga kelele, ndo saksafoni inapolia, ndo mkono wa kulia wa piano unapocheza. Kwa hiyo ukichagua mziki wa chini ya msomaji tafuta ule wenye kitu chini (besi, ngoma nzito) na kitu juu (kayamba, vikengele), katikati pawe wazi. Kama ushaupata mziki na hauna namna ya kubadilisha, basi punguza eneo hilo kwa ikwalaiza (kile kifaa cha kupandisha au kushusha besi, kati na juu kila moja peke yake), desibeli 3 au 4 tu, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, usiuchinje. Baada ya hapo ndo unarudi kwenye volyumu, na mziki ukiwa desibeli 12 hadi 18 chini ya msomaji mara nyingi panakaa vizuri, ila ni sikio linaamua, hizo namba ni pa kuanzia.

Na nikuulize, huyo msomaji ana maneno mangapi? Kiswahili maneno yetu marefu, sekunde 30 maneno 60 ni mengi tayari, ukimpa 85 atasoma kama anakimbizwa na hakuna mziki duniani utakaomwokoa.

Kuhusu mteja na wimbo wake: usimkatalie, muulize anaupenda kwa nini. Ukimwachia aongee atasema tu, mara unamchangamsha, mara unamkumbusha ujana, mara mdundo wake. Hapo ushapata unachotafuta. Chukua miziki mitatu tofauti yenye kitu hicho hicho, ibandike kwenye picha pamoja na wa kwake, mwonyeshe bila kumtajia ni ya nani. Wa kwake uwe wa pili. Utashangaa.

SWALI: Fundi, mimi ndo nayetoa hela. Watu wa matangazo wananiambia mziki "unauza". Hivi kweli mtu ananunua kitu kwa sababu ya mziki au ni njia ya kunikamua? – *Mwenye Mfuko*

JIBU: Swali zuri na jibu lake linachosha kidogo, kwamba inategemea. Kuna jaribio maarufu la mwaka 1982 la mtafiti Gerald Gorn, alionyesha wanafunzi picha ya kalamu ya rangi fulani huku akipiga mziki wanaoupenda au wasioupenda, alafu mwishoni akawaambia chagueni kalamu moja muondoke nayo. Waliosikia mziki wanaoupenda karibu 8 kati ya 10 wakachagua rangi waliyoonyeshwa. Watu wa matangazo waliimba jaribio hilo miaka na miaka. Wasichopenda kukuambia ni kwamba mwaka 1989 watafiti wengine, Kellaris na Cox, walijaribu kulirudia hawakupata matokeo hayo. Na Gorn mwenyewe kwenye jaribio lake la pili alikuta kwamba mtu akiwa ana uamuzi wa kufanya, maelezo ya bidhaa yanamvuta kuliko mziki.

Kwa hiyo mimi ningekushauri hivi, kama unauza kitu ambacho mtu anakifikiria kabla hajatoa hela, bima kwa mfano, weka hela kwenye maneno na picha, mziki ukae chini umsaidie asichoke. Kama ni kitu cha kuchukua tu bila kuwaza sana na washindani wako wanauza kitu hicho hicho, hapo mziki una kazi kubwa zaidi.

Alafu kuna suala la kuendana. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza, North na wenzake, walipiga mziki wa Kifaransa na wa Kijerumani kwa zamu kwenye supamaketi, siku ya mziki wa Kifaransa divai ya Ufaransa ikaongoza, siku ya Kijerumani ikaongoza ya Ujerumani, na wengi walipoulizwa hawakukiri kwamba mziki uliwagusa. Lile lilikuwa duka, siyo tivii, ila mimi naliheshimu sana kwa sababu mziki haukuwa mzuri kuliko mwingine, ulikuwa *unahusiana*. Mzuri usiohusiana unabaki kichwani peke yake, mtu anaimba wimbo wako bafuni ukimuuliza lilikuwa tangazo la nini anakuambia sijui, la simu nadhani.

SWALI: Mimi wimbo nimeulipia kihalali kabisa kwenye simu yangu na nitatumia sekunde 6 tu. Nimeambiwa chini ya sekunde 7 hakuna kesi. – *Sekunde Sita*

JIBU: Aliyekuambia huyo usimsikilize tena. Hakuna kanuni ya jumla ya sekunde 7, wala 10, wala 30. Ukichukua kipande kinachotambulika ukauzia kitu, umetumia wimbo. Na ile hela uliyolipa kwenye simu ni ya kusikiliza mwenyewe.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili na hapa ndo watu wengi wanapoumia, wanapata moja wanadhani wamemaliza. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, hiyo ni ya mtunzi au kampuni inayosimamia tungo zake. Na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio, hiyo mara nyingi ni ya kampuni ya rekodi au ya aliyelipia studio. Wewe unataka ruhusa zote mbili, kwa maandishi, zinazosema wazi kwamba mziki utaunganishwa na picha kwa ajili ya tangazo la biashara. Ukiamua kuurekodi upya na mwimbaji wako unaikwepa ya pili, ya kwanza iko pale pale.

Na hata ukiwa nazo zote mbili bado tumia busara. Mwaka 1987 Nike walitumia rekodi ya The Beatles kwenye tangazo la viatu, wakiwa wamelipia utunzi na rekodi, na bado kampuni ya The Beatles wenyewe ikawapeleka mahakamani. Miaka miwili baadaye wakamalizana nje ya mahakama. Ndo maana mi huwa nasema kama msanii yuko hai na anafikika, mpigie simu kabla hujamtumia wakili.

Soma leseni yako mambo haya: ni nchi zipi, ni tivii tu au na intaneti na redio, ni miezi mingapi, na je inahusu toleo la sekunde 30 peke yake au na vile vifupi vya 15 na 6 mtakavyokata baadaye? Hilo la mwisho linasahaulika kila siku, tangazo linafanya vizuri, mteja anasema tukate kifupi turushe mtandaoni, na karatasi haijasema kitu. Kituo cha tivii kwa kawaida nacho kinalipa vyama vya hakimiliki kwa ajili ya urushaji, kwa hiyo waandikie jina la wimbo, mtunzi, na sekunde zilizotumika ili mtunzi apate chake.

Kwa wale mnaopakua mziki wa Creative Commons, zile leseni ambazo mwenye kazi anaruhusu wengine waitumie kwa masharti, usiishie kusoma "bure". Ikiwa na herufi NC hairuhusu biashara, na tangazo ni biashara. Ikiwa na ND hairuhusu kubadilishwa, na kwa leseni hizo kuunganisha mziki na picha inayotembea kunahesabiwa ni kubadilisha, kwa hiyo nayo hapana. SA inataka kazi yako yote utakayotengeneza itoke kwa leseni hiyo hiyo, jaribu kumweleza mteja hilo uone. Na zile nyimbo zinazotamba kwenye apu za video fupi, akaunti ya mtu binafsi kuzitumia haimaanishi kampuni inaruhusiwa.

SWALI: Beethoven je? Si alishakufa zamani? – *Mpenda Piano*

JIBU: Alikufa 1827, utunzi wake ni wa watu wote sasa. Ila okestra iliyoupiga haijafa! Rekodi ina mwenyewe. Mtafute mpiga piano, mlipe, rekodi yako mwenyewe, saini naye karatasi, basi. Angalia tu asitumie mpangilio mpya wa mtu aliye hai.

SWALI: Wimbo tunaoutaka mwenyewe kakataa. Nikimwambia mtunzi anitengenezee unaofanana kidogo, na mwimbaji mwenye sauti kama yake, nitakuwa nimevunja sheria? – *Njia ya Mkato*

JIBU: Jina lako tu limenipa wasiwasi. Ngoja nikupe kesi mbili za Marekani. Ford walitaka Bette Midler aimbe kwenye tangazo, akakataa, wakala wao wa matangazo akamchukua aliyewahi kuwa mwitikiaji wake akamwambia imba kama yeye kadri unavyoweza. Ruhusa ya utunzi walikuwa nayo! Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikasema sauti ya mwimbaji anayejulikana nayo ni sehemu ya mtu mwenyewe, na mwishowe akapata dola 400,000. Alafu Tom Waits, ambaye msimamo wake wa kutoimba kwenye matangazo unajulikana, akasikia sauti kama yake kwenye tangazo la redio la Frito-Lay, watengeneza chipsi, akashtaki, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikamwachia ushindi wa zaidi ya dola milioni 2.

Sheria za nchi nyingine zinatofautiana, siwezi kukuambia kwako itakuwaje. Lakini angalia kilichowaponza: ni ule mlolongo wa kuomba, kukataliwa, alafu kuiga. Na wewe huo mlolongo ushauanza, barua za maombi ziko kwenye kompyuta ya mtu.

Badilisha mwelekeo kabisa. Mpe mtunzi maelezo bila wimbo wa mfano, au kama lazima umpe mifano basi mpe minne isiyofanana ili asiwe na mmoja wa kukopi. Mwambie mwendo uwe wa kutembea au wa kukimbia, ala gani zisiwepo (hili linamsaidia kuliko kumwambia zipi ziwepo), msomaji anaingia sekunde ya ngapi, bidhaa inaonekana sekunde ya ngapi, na mtazamaji mwishoni awe anajisikiaje. Neno "mzuri" na neno "wa kisasa" yaache, hayamwambii kitu.

SWALI: Fundi mimi tatizo langu mwisho. Mziki unakatika katikati ya mdundo, nikiufifisha mteja anasema unakufa. Nateseka. – *Nusu Mdundo*

JIBU: Hapa tukae kidogo maana hesabu yake tamu. Mziki mwingi unaenda kwa mapigo manne manne, kila manne ni baa moja, na sikio limezoea baa zije kwa mafungu ya nne au nane, zikikatika nje ya hapo linahisi kuna kitu kimeibiwa. Sasa chukua sekunde 30. Mziki wenye mapigo 128 kwa dakika unakupa mapigo 64, baa 16 kamili, haina hata kazi. Mapigo 96 yanakupa baa 12, safi. Mapigo 120, ambayo ndo watu wanayapenda sana, yanakupa baa 15, na ndo hapo unateseka, mziki unataka ya 16 na muda umeisha.

Ila hiyo 120 ina siri yake nzuri. Baa 14 zinaisha sekunde ya 28 juu ya alama. Ukipiga noti ya mwisho hapo, pigo la kwanza la baa ya 15, ukaiacha ilie yenyewe kwa hizo sekunde 2 zilizobaki wakati nembo iko kwenye skrini, unapata mwisho uliokaa kabisa na mwangwi wake. Kwangu mimi hii ni bora kuliko ile ya baa 16 zinazogonga ukuta, maana tangazo linalofuata likianza noti yako inakuwa bado iko hewani imekatwa.

Kwa mziki ulio tayari, anza kuediti kutoka nyuma. Chukua mwisho halisi wa wimbo, ule alioutunga mtunzi, ubandike kwenye nembo, alafu rudi nyuma ukitafuta pa kuunganisha na mwanzo. Kata kwenye pigo la kwanza la baa, na kiungo kifiche chini ya neno la msomaji au mlango unaofungwa au kitu chochote chenye kishindo. Kufifisha mteja wako kasema kweli, kwenye tangazo fupi inasikika kama kituo kimechoka na wewe.

Na tafadhali usilazimishe kila badiliko la picha liangukie kwenye pigo. Mawili matatu yanatosha, la bidhaa likiwemo. Yote yakiangukia mtazamaji anaanza kutabiri.

SWALI: Kituo kimerudisha tangazo letu mara mbili wanasema liko juu mno, na nikilipunguza linasikika dogo kuliko ya wengine. – *Naambiwa Napiga Kelele*

JIBU: Vituo siku hizi havipimi ule mshale wa juu tu, vinapima wastani wa ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kwa tangazo zima. Wastani huo unapimwa kwa LUFS, namba ikiwa karibu zaidi na sifuri sauti ni kubwa zaidi. Ulaya kipimo ni LUFS -23, Marekani -24, na Marekani wana sheria kabisa iliyopitishwa 2010 ikaanza kazi Desemba 2012 kwamba sauti ya tangazo isizidi ya kipindi linamorushwa. Waombe kituo chako karatasi ya vipimo vyao, wengi wanayo, usikisie.

Sasa ujanja wa zamani wa kuubana mziki mpaka uwe ukuta, yaani sehemu za chini zipandishwe zilingane na za juu, haukusaidii tena, unakuumiza. Mziki uliobanwa mwanzo mwisho wastani wake uko juu, kwa hiyo tangazo zima linashushwa na msomaji wako anashuka nalo. Mziki wenye pumzi, unaonyamaza hapa ukapanda pale, wastani wake unakuwa chini na kwa hiyo kile kishindo chako cha mwisho kinaruhusiwa kuwa kikubwa. Wale unaowasikia wakubwa kuliko wewe huenda ndo wamefanya hivo. Alafu sikiliza kwa spika ndogo ya tivii, siyo kwa zile za studio, kama besi ndo ilikuwa roho ya mziki wako utakuta haipo.

SWALI: Nikitengeneza mziki kwa akili mnemba si nimeepuka yote haya? – *Kijana wa Leo*

JIBU: Umeepuka mengine umekutana na mengine. Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi zilizishtaki Suno na Udio, kampuni za programu za kutengeneza nyimbo kwa akili mnemba, huko Marekani kuhusu nyimbo zilizotumika kuzifundisha, kwa hiyo soma masharti ya programu unayotumia yanaruhusu nini kibiashara na nani anabeba mzigo likitokea la kutokea. Na ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasema kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake hailindwi, maana yake mshindani wako akiuchukua mziki huo huo unaweza usiwe na la kumwambia. Kwa kujaribu mawazo kabla ya kumwita mtunzi, tumia tu, mi sina neno.

SWALI: Hivi ni lazima tangazo liwe na mziki? – *Mkimya*

JIBU: Wala! Jaribu hivi, zima mziki wote uangalie tangazo na sauti za vitu tu, maji yanamiminika, kifuniko kinafunguka, mtu anacheka. Kama hakuna ulichokikosa, acha hivo hivo. Katikati ya matangazo yanayopiga kelele, lile lisilo na mziki ndo linamfanya aliyekuwa anachezea simu ainue kichwa. Ukitaka alama ya mziki basi weka noti chache tu kwenye nembo, ile ya Intel, wale wa chipu za kompyuta, aliyoitunga Walter Werzowa mwaka 1994 ni noti tano na watu wanaijua mpaka leo. Ila mteja mwambie mapema kabla hujamtumia, maana wengi wakisikia kimya wanapiga simu kusema faili limeharibika.